Taarifa ya Robo Mwaka

Wakazi wa Cwmhelyg, mlio ukumbini
na mliobaki makwenu kwa sababu ya mvua ile ile,
hesabu ninayo, nitaisoma taratibu.
Msiponisikia, laumuni kipaza sauti;
kimo katika bajeti ya mwaka ujao.

Mashimo ya barabarani: yaliripotiwa mia tatu na arobaini,
tumeziba mia mbili na kumi na mawili.
Najua, lile la mbele ya duka la Prosser limefumuka tena.
Nimelipitia asubuhi. Gari langu lilinitukana kwa niaba yenu.

Chumvi ya kuyeyusha barafu: tani tisini zimesalia ghalani.
Baridi ilituhurumia
na sisi huruma yake tumeiandika kama akiba.

Bwawa la kuogelea: boila imenunuliwa. Imefika.
Haipiti mlangoni.
Chekeni; mhandisi hakucheka.
Ukuta utabomolewa mwezi wa nne.

Maktaba: Jumanne na Jumamosi tu, kwa hisani ya wanaojitolea.
Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa ile minane
iliyonyooshwa siku tulipopunguza saa.
Humo ndimo nilimojifunza kusoma, sakafuni, kando ya bomba la joto,
mama akiwa zamu ya usiku kiwandani.
Hilo halimo kwenye taarifa. Limeniponyoka.
Ukurasa wa nne.

Mapipa: sasa ni kila baada ya wiki tatu.
Barua mia na sita zimenifikia,
moja imeandikwa nyuma ya lebo ya kopo la maharage.

Daraja.

Yanayofuata sikuyasoma.
Nayaandika usiku huu, nyuma ya karatasi zile zile.

Mto ulilibeba daraja la miguu usiku mmoja wa Novemba,
ukaacha nguzo mbili zikitazamana.
Huku sisi; kule nyumba ya wazee.
Zamani dakika sita. Sasa maili nne kwa barabara kuu,
na basi ni moja kila saa mbili, likipenda.

Idwal Beynon, safu ya tatu, kofia gotini,
hajakosa kikao tangu hapo.
Husimama, huuliza maneno mawili:
"Daraja lini?"
Nami nikamjibu upembuzi yakinifu.
Mwezi uliofuata, usanifu.
Kisha zabuni.
Tuna maneno mengi sana ya kusema bado.
Hushukuru, huvaa kofia, huelekea kituoni
na chupa ya chai ndani ya soksi ya sufu,
ili imfikie Mair ingali moto.

Leo nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipigia mstari mwekundu.
Fedha zimetoka, mkandarasi kasaini,
Julai, tarehe tisa.
Nililitamka nikimtazama yeye, si ukumbi.
Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akapiga mluzi.
Yeye aliitazama kofia yake.

Kisha mkono ukapanda, polepole, kama kawaida.

"Bibi kiongozi, nauliza kuhusu mapipa.
Langu siku hizi halijai.
Kama itawapunguzia gharama,
lipitieni kila baada ya wiki sita."

Makofi yalikuwa hayajatulia vizuri kule nyuma.
Tanzia ilikuwemo kwenye gazeti la Alhamisi, nimeiona sasa,
sentimita tatu, chini ya tangazo la zulia.
Gazeti mimi hulisoma kujitafuta.

Karani alininong'oneza: niandike nini?
Nikamwambia, andika kama alivyosema.
Ameandika: Hoja ya mapipa. Imepokelewa.
Kiongozi kufuatilia.

Soksi ile aliishika mkononi akitoka,
imekunjwa, haina kitu.
Sikumkimbilia. Kulikuwa na ajenda ya tisa,
maegesho ya magari,
na watu kumi na wawili wakisubiri kunikasirikia.

Uzinduzi wa daraja ni saa nne asubuhi.
Viburudisho vitakuwepo.
Nyote mnakaribishwa.