Ubwiri Unga

Somoe, usinitumie tena nauli ya Dar.
Soba hausi ile niliimaliza, miezi minne,
nikafagia, nikadeki, nikashuhudia mbele ya wenzangu,
nikarudi Mtwara na cheti kwenye bahasha ya kaki.
Siku ya tatu, nyuma ya maghala ya korosho,
mtu akaniita kwa jina langu la maskani.
Nikaitika.
Sisemi pale hapafai. Mchopa alipona palepale,
leo ana mashine ya kukoboa, ana mapacha.
Nasema mimi sikuponea pale.

Na chumba cha uani usinikumbushe
kama hukumbuki vyote:
Baba akipigilia mbao dirishani,
arosto ikinipigisha miayo hadi taya kuuma,
machozi yakitoka na wala silii,
wewe ukipenyeza bakuli la uji wa mtama,
ukihesabu siku kwa mkaa upande wako wa ukuta.
Siku tisa. Mkanitoa kwa vigelegele
kama mwali wa jando.
Hakuna aliyejua, hata mimi,
kwamba mwili uliofunga siku tisa
haukiwezi tena kipimo ulichokizoea.
Nandonde alikijaribu kabla yangu.
Walimkuta chooni, midomo rangi ya zambarau,
redio yake ndogo bado inasoma matokeo ya mpira.

Sasa nakunywa kikombeni.
Kila asubuhi, Jumapili nayo, Idi nayo.
Dirisha lina nondo. Sista Gaudensia
huita namba, kisha hunitazama mboni za macho.
"Umelala? Umekula?"
Humimina. Tamu mbele, chungu nyuma.
"Haya, sema kitu,"
ili ajue sikuibana shavuni nikaiuze.
Kila mtu ana neno lake pale. Mzee mmoja husema "Amina,"
kijana wa Mikindani hutaja timu yake hata ikifungwa.
Mimi husema "Nanguruwe,"
na Sista, miezi saba sasa, hajaacha kucheka.

Mjomba yeye hakucheka.
Kwenye arobaini ya bibi, jamvi zima likisikia:
"Katoka kwenye unga, kaingia kwenye kikombe.
Ataacha lini?"
Nikatazama pilau langu.
Jibu lilikuja siku tatu baadaye, nikiwa peke yangu shambani,
na jibu la siku tatu halina wa kumpelekea,
ndiyo maana nakuandikia wewe.

Maua ya mikorosho yalikuwa yameshikwa,
weupe ule kama majivu ya sigara,
ubwiri unga.
Mwaka jana walipulizia. Mwaka juzi walipulizia.
Mti ule wa mpakani, aliopanda babu,
umekula salfa kuliko umri wangu,
na sijasikia mtu akiusimamia kiunoni, akiuuliza:
wewe, utaacha lini?
Wanachouliza ni kilo.

Nilikuwa nimeenda kuangalia tu.
Baba alikuwa hajanisemesha
tangu nilipouza bomba lake la kupulizia
kwa bei ya kete sita.
Alikuwa amekodi jingine. Hakunisalimia.
Aliniangalia miguu, kisha mabega,
kama mtu anayepima gunia kabla ya kulibeba.
"Hilo dirisha lako linafungwa saa ngapi?"
"Saa nne."
"Basi tutaanza saa tisa usiku. Umande ndio unashika dawa."
Akanirushia kitambaa cha kufunga pua.

Somoe, sikusema asante. Nilikifunga.

Juzi nilishuka kwenye bodaboda saa tatu na robo,
nywele, kope, mashati yote mawili, njano tupu.
Foleni ikanipisha. Sista akasimama.
"Nini hicho puani?"
"Salfa, Sista."
Akapitisha kidole kati ya nondo,
akanifuta shavu, akanusa,
akapiga chafya mara tatu
hata akasahau namba yangu.
"We nani vile?"

Nikamwambia jina. Lote, na la Baba.