Kisanduku cha Saba

Ofisi Ndogo ya Bunge, Dar. Kiyoyozi kinadondosha maji
ndani ya ndoo ya rangi.
Juni thelathini. Mfumo unafungwa saa sita usiku
na sijamjaza Tulizo Mbawala,
Mtafiti Daraja la Pili.

Chambuzi za miswada. Lengo: kumi na mbili.
Zilizowasilishwa: saba.
Sababu ya pungufu?
Naandika, nafuta.

Sababu ni Machi. Kamati imekaa,
wajumbe wanasinzia juu ya sambusa,
yeye kaninong'oneza: "Mzee, ibara ya kumi na nne,
hiyo 'na' ingekuwa 'au'."
Nikamwambia aache ushairi, tuna ratiba.

Hakuacha.
Siku tisa akashinda Kisutu, Ilala, Buguruni,
kwa mama lishe, sufuria kwa sufuria:
nani ana leseni, nani ana kibali cha afya,
nani ana leseni na kibali.
Kati ya mia mbili na sita, kumi na mmoja.
Waliobaki wangezolewa
na silabi moja.

Akaandika dokezo, nusu ukurasa.
Mheshimiwa akalisoma kwa sauti yake nzito,
meza zikapigwa,
"na" ikawa "au",
na Taarifa Rasmi ikaandika jina la aliyesimama.

Mimi je? Wiki iliyopita nilipewa nne kati ya tano,
"usimamizi makini".
Mkurugenzi akanishika mkono.
Nikanywa chai yangu. Sikusema kitu.

Kisanduku cha saba: Matokeo yanayopimika.
Ambatisha kielelezo.
Niambatishe nini,
faini ambayo haikutozwa?
Sufuria ambayo haikumwagwa?
Kimya kina megabaiti ngapi?

Mchana nilikula kwa Bi Somoe, nyuma ya soko la Kisutu:
wali, maharage, kipande cha changu.
Akaniongeza mchuzi bila kuulizwa.
Tulizo hamkumbuki. "Yule dada wa maswali?
Wengi hupita."
Leseni yake ndani ya nailoni, kwenye msumari.
Kibali hana.
Nikaomba kuupiga picha ule msumari.
"Wewe Bwana Afya?" akacheka, lakini mwiko ulisimama hewani
mpaka nilipokana.

Saa tano na dakika arobaini.
Naipakia picha. Duara linazunguka,
linazunguka,
limekubali.
Tano.

Kisha nafungua fomu yangu mwenyewe.
Imekwishafungwa.
Nne, kwa wino wa kijani usioshikika,
na chini yake saini yangu.