Andazi la Jemu

Sikuvunjwa mgongo na piano.
Watu wa Łódź wanapenda kusimulia hivyo:
Gniewomir alibeba piano miaka ishirini na mitatu
kwenye ngazi za nyumba zisizo na lifti,
mpaka moja ikalipiza kisasi.
Uongo. Ilikuwa soksi.
Soksi ya kushoto, ya sufu, alfajiri ya Februari,
nimeinama ukingoni mwa kitanda,
na kitu ndani kikafanya pwa.

Umeme ukashuka ngazi:
tako, paja, ubavu wa goti, muundi,
ukaenda kuwasha taa kwenye kidole gumba cha mguu.
Halszka akanikuta nimepiga magoti, uso godoroni.
Akadhani nasali.
Baada ya dakika moja nilikuwa nasali kweli.

Doktari Wrona alinionyesha picha kwa ncha ya kalamu:
kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno
kisahani kimetokeza nje
kama ulimi wa mtoto anayekudhihaki.
Nikasema, kata. Mimi ni mchukuzi,
vitu vilivyokwama navijua, havisemezwi, vinatolewa.
Akaniuliza: unaweza kusimama kwa visigino?
Nikasimama.
Mkojo unautawala? Naam.
Pale mwili unapokalia tandiko la baiskeli, unahisi?
Nahisi, nikasema, nikiona haya.
Basi leo hatukati.
Ila siku jibu mojawapo likigeuka
usingoje kukuche. Njoo usiku huohuo.

Kalina wa mazoezi ya viungo alikuja na andazi.
Ilikuwa Alhamisi ile ya mwisho kabla ya Kwaresima,
mji mzima kwenye foleni ya maandazi,
nami nimelala sakafuni, miguu juu ya kiti.
Tazama, akasema. Nje unga mgumu, ndani ute.
Akaliminya upande mmoja.
Jemu ya waridi ikachungulia ubavuni,
ikadondoka kwenye fomu yangu ya bima.
Na hapo hapo, akasema, ndipo mshipa wa fahamu unapopita.

Kwa hiyo mtairudisha ndani?
Akacheka. Jemu hairudi andazini.
Mwili wenyewe utailamba, kidogo kidogo,
wiki, pengine miezi,
na kazi yako ni kutoukatisha.
Kisha akala nusu, akanipa nusu,
nikatafuna mgongo wangu nikiwa chali.

Nilikuwa nimepanga kulala mpaka Pasaka.
Akakataa. Maumivu ni mgeni, akasema,
siku mbili mlaze, ya tatu mpe jembe.
Nikatembea mpaka nguzo ya taa.
Kesho yake mpaka kituo cha tramu,
vidonge mfukoni, nikitukana kila jiwe.
Nikalala kifudifudi, nikainua kifua,
mara kumi, mara kumi tena,
na maumivu yakaanza kupanda ngazi alizoshukia umeme:
yakaachia kidole, yakaachia muundi,
yakakaa pajani majuma matatu kama mpangaji asiyelipa.
Kiuno ndicho kilichouma zaidi.
Kalina akapiga makofi. Ndiyo njia ya kutokea, akasema.

Sisemi kisu ni kibaya.
Tymon, mwenzangu wa mkanda wa kushoto,
mguu ulikuwa ukiburura sakafuni. Alikatwa,
akaamka kidole kinacheza, akalia.
Na Halszka, aliyepigwa picha kwa ajili ya figo,
wakamkuta na visahani viwili vilivyotokeza,
hajaumwa hata siku moja.
Alitamba jioni nzima.

Sasa nasimama kwenye kipumziko cha ngazi,
nawaambia vijana: magoti, siyo kiuno; taratibu; kushoto.
Soksi navaa mwenyewe, nimekaa, mguu juu ya goti.
Usiku mmoja mmoja kidole gumba hushtuka,
kama mtu wa ghorofa ya juu
aliyegonga sakafu mara moja, akanyamaza.
Nasikiliza.
Naamka, natembea mpaka jikoni,
nakunywa maji nimesimama,
narudi.