Kuzunguka Shimo

Meza ya jikoni, Flagstaff, saa nne usiku.
Ramani nimeigandamiza kwa chupa ya pilipili
isijikunje upande wa Utah.

Kunguru, wanasema, akiruka ni maili kumi tu.
Sisi wa magurudumu ni mia mbili na ushei,
tulizunguke bonde zima
kama mdaiwa akwepaye duka.

Mbaruku, nimeshaandika:
petroli tujaze Cameron,
mbele ni mawe mekundu na upepo.
Blanketi mbili. Chapati kumi na nne.
Hema la kuazima, tulale ng'ambo.
Tochi ya marehemu baba yako,
ile isiyowaka mpaka uizabe kofi.

Unavua viatu vya zamu, unauliza
kwa nini tusilitazame upande huu huu,
dakika tisini, kisha turudi ulale.

Sijibu. Nachovya kidole kwenye chai,
naipitisha njia ile ndefu.

Mwaka mzima tunapishana mlangoni,
wewe na funguo, mimi na mkoba.
Shimo lipo, halihami.
Mimi nataka barabara:
mkanda umekufunga, simu haishiki mtandao,
na hata ukinyamaza,
unyamaze karibu.