Vitone Vitatu

Shamte akirudi, mimi natoka.
Tunapishana mlangoni, yeye na harufu ya maboksi ya ghala,
mimi na koti juu ya sare,
busu la haraka, pua baridi, "wali uko jikoni,"
na mabasi ya Leicester hayamngoji mtu.

Miaka kumi na tisa ya ndoa.
Mume wangu ni mtu wa vitendo na taa iliyozimwa.
Ukimuuliza anapenda nini, atakohoa,
atauliza kama bili ya gesi imelipwa.

Basi usiku mmoja wa theluji, saa tisa kasorobo,
Bibi Maureen wa chumba cha nne amelala hatimaye,
simu ikatetemeka mfukoni, kando ya funguo za dawa:
*Mto wako unanukia shingo yako.
Nimeugeuza mara tatu. Bado.*

Nikasoma nimesimama penye mashine ya kufulia.
Nikasoma tena. Nikakaa.

Nikaandika: *Endelea.*
Vitone vitatu vikacheza, vikazimika, vikacheza.
Nilimwona kabisa, miwani juu ya paji la uso,
kidole kimoja kikitafuta herufi
kama mtu anayechambua mchele.

Tangu hapo yamemtoka yaliyomkwama kooni:
alama yangu ya kuzaliwa, ile iliyojificha,
kumbe anaijua hadi rangi yake wakati wa baridi.
Kisha akauliza, na hapo ndipo nilipoyeyuka:
*Na wewe je? Hujawahi kuniambia.*

Sikuwahi kuulizwa.
Nikamwambia. Polepole, nikamwambia. Si pale, hapa.
Mengine siyaandiki, yana mwenyewe.

Picha nimempa moja tu: bega, kanga imeteleza,
jina lake limekatika katikati.
Aliomba kwanza. Aliitazama, akaifuta, kama tulivyopatana,
akaandika: *Imebaki machoni.*
Asubuhi ile nilimlisha Bibi Maureen uji nikitabasamu,
akaniambia nimependeza, sijui nimefanya nini nywele.

Jumapili hii hakuna zamu.
Giza, radieta inagonga mifupa yake,
Shamte kando yangu, kimya. Akakohoa.
Nikajiandaa kwa bili ya gesi.

Simu ikanguruma chini ya mto,
ujumbe umetoka umbali wa kiwiko:
*Naomba niwashe taa?*

Sikujibu.
Nilinyoosha mkono, nikaiwasha mwenyewe.