Ndoo Hukaa Juu

Mara ya kwanza nilichora mstari tu.
Uliteremka kutoka kushoto kwenda kulia
kama mtu anayeshuka kilima cha Bugando bila haraka,
nikawageukia wenzangu waliojifanya kidato cha tano,
nikasema: haya ndiyo mahitaji.

Mkufunzi Mugeta akainuka na dasta.
"Mhimili huu unaitwaje? Na huu?
Skeli iko wapi?
Mstari usio na jina
ni ukucha uliokwaruza ubao."
Akafuta. Vumbi la chaki likatua kwenye tai
niliyoazima kwa Lugembe.

Usiku ule bwenini tulikuwa wanne na kikokotoo kimoja,
kile ambacho saba yake huzama, haitoki mpaka uikune.
Bei ya ndoo ya dagaa: elfu ishirini, ikawa ishirini na tano.
Ndoo zilizouzwa: arobaini, zikawa thelathini na sita.
Nikapata mbili nukta tano,
nikaipigia mistari miwili kwa wino mwekundu
kama mwenye hakika.
Nyamwelo akachungulia begani.
"Umegeuza. Ndoo hukaa juu, kama kichwani kwa mchuuzi.
Bei ndiyo shingo."

Tangu siku hiyo sijaukosea unyumbufu.
Hasi nukta nne.
Hiyo hasi nayo ilitugombanisha nusu saa:
Lugembe alitaka tuifute, ilimkera kama deni,
na Nyamwelo akasema deni halifutwi kwa kifutio.

Jumamosi Mugeta akatupeleka Mwaloni, kila mtu na daftari.
Bi Ng'washi alikuwa akipeta dagaa, hakusimamisha ungo.
Ukipandisha bei, wateja wanapungua?
"Wanapungua, ila si sana.
Nani atameza ugali mkavu?"
Kazi yetu ya usiku mzima,
bila kikokotoo.

Nikajikaza: na bei yenyewe, ni nini huipandisha?
Akanitazama kama mtoto aliyeuliza maji yametoka wapi.
"Mwezi, mwalimu. Mwezi ukiwa mpevu
dagaa hawaifuati taa.
Mitumbwi inalala. Mimi nakaa."

Pale pale, mchanga umejaa viatuni, nikaelewa
kile nilichokuwa nimekikariri wiki tatu:
bei humtembeza mnunuzi juu ya mstari wake,
apande, ashuke, mstari uko palepale.
Lakini mwezi haumtembezi mtu.
Mwezi unaushika mstari wote wa ugavi
na kuuhamishia kushoto,
kama mtu anayesogeza benchi
wengine wakiwa bado wamelikalia.

Mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Igoma.
Wanafunzi hamsini na wawili, rula tatu.
Nilichonga yangu kwa ubao wa kreti la soda,
nikaandika Bei, nikaandika Kiasi kwa Ndoo,
nikahesabu miraba kwa sauti mpaka koo likakauka.
Mugeta alikuwa nyuma, fomu gotini.

Minza, dirishani, akanyosha mkono.
"Mwalimu, huku juu, mstari unapougusa mhimili wa bei,
kiasi ni sifuri.
Ni nani yuko pale?"

Jibu la kitabu nilikuwa nalo, limenyooka.
Nikashika chaki, nikaiacha.
"Pale yupo aliyeuliza bei
akaondoka."

Hakuna aliyecheka.
Minza akaweka nukta kwenye ile sifuri,
akaandika jina pembeni yake kwa penseli, herufi ndogo,
kisha akalifunika kwa kiganja
nilipopita kati ya madawati.
Sikuomba kuona.

Jioni nilipewa nakala ya fomu.
Mwandiko wa Mugeta, umelala kama majani ya mpunga:
*Mihimili ina majina. Skeli ipo.
Amezidisha dakika nne.*