Kwetu Hapa Yu Hai

Alitanguliza miguu, tukamwita Kashinje.
Siku ya tisa akarudi alikotoka,
sijui safari hiyo alitanguliza nini.
Tulimzika Kisesa, kando ya uzio wa minyaa,
kaburi fupi, hata jembe halikutoka jasho.

Baba yake alikuwa mwepesi wa karatasi.
Siku ya tatu keshafika wilayani
na kile kikaratasi cha hospitali,
keshataja majina yote, la babu mpaka la ukoo.
Kuzaliwa kukaandikwa.
Kufa hakukuandikwa.
Nani hupanga foleni na kilio kifuani?

Miaka ishirini na mitatu
nimeanika dagaa Mwaloni, nimepima kwa sado,
nimezaa tena, nimefiwa na yule mwepesi wa karatasi.
Juzi namtafutia cheti Holo, kitindamimba wangu,
wanakitaka kwa mkopo wa chuo.
Karani Machumu akaliandika jina la ukoo kwenye kompyuta,
akangoja, akavuta rejesta, akalamba kidole.
“Mama, kaka yake alishachukua chake.”
Kaka yake yupi?
“Kashinje. Mwaka juzi, mwezi wa nane. Hapa pamesainiwa.”
Alikufa.
“Kwetu hapa yu hai.”

Holo akainama kusoma.
Mama, wameandika ni saini yako.
Ina mkia mrefu, kama ya mwalimu mkuu.
Nikamwonyesha dole gumba langu,
hili lililochanwa na magamba:
sijawahi kuwa na kalamu nyingine.

Sisemi Machumu kauza. Sikumwona akipokea.
Wanaosema ni watu wa Buswelu,
wameliona bati lake jipya la rangi ya zambarau,
na wanasema wapo wachanga wengine, marehemu,
ambao siku hizi wana hati za kusafiria.
Sokoni kila kitu husemwa kabla jua halijachoma.
Mimi najua magunia tu.
Gunia likipungua usiku
na asubuhi kamba ukaikuta imefungwa vizuri,
huyo si panya.

Basi, nikasema, mwandikeni kwamba amekufa.
Ndipo akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.
“Cheti cha kifo kinadai cha kuzaliwa.
Lete cheti chake.”
Kile alicho nacho yeye?
Yeye nani?
“Njoo Jumatatu.”

Usiku napiga hesabu.
Ana cheti, na dada yake hana.
Pengine yuko kazini. Pengine kaoa,
mkwe wangu anamwita kwa jina la babu yetu.
Pengine amevuka Mutukula
na mtoto wangu mfukoni, amekunjwa mara nne.
Nilitaka kumlaani, ulimi ukagoma:
laana hutafuta jina,
na jina ni la yule wa Kisesa.

Jumatatu nitakwenda. Na Jumatatu ya pili.
Lakini siku hizi vijana wakija alfajiri
kupakia mizigo ya Kongo,
nikiwauliza gunia liandikwe jina la nani,
simsikilizi mtu mdomo.
Naangalia miguu.